Shemeji Anataka Taco

Shemeji yangu alirudi kutoka Texas mwezi wa Disemba, baada ya miaka minane. Wiki ya kwanza alikula kila alichokuwa amekikosa: mursik, yale maziwa ya kibuyu, mbuzi wa kuchoma, ugali mgumu wa kukata kwa kisu. Siku ya nane tulikuwa tumekaa nje hapa Kiplombe, Uasin Gishu, jua la saa nne likitupasha migongo, akanisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeulizia mganga: "Shem, huku taco nzuri inapatikana wapi?"

Nilimtazama kama mtu aliyeniuliza meli ya kwenda Kitale inang'oa nanga saa ngapi.

Akanieleza. Taco ni kimkate chembamba cha mahindi, asili yake Meksiko. Unakitia nyama, kachumbari na pilipili, unakikamulia ndimu, unakikunja, unakula umesimama huku mchuzi ukikuteremka mpaka kwenye kiwiko. Na taco nzuri, akasisitiza, huipati kwenye mkahawa wa vioo. Iko kwenye kijumba kidogo pembeni, pamechakaa, na watu wamepanga foleni.

"Shem, hapo umenieleza kibanda cha smoki."

"Siyo hivyo."

"Ndivyo hivyo hasa. Ongeza tope tu."

Ubishi ukachacha mpaka dada yake, ambaye ni mke wangu, akatoka jikoni kutuamulia. Tukawekeana dau. Nikimpata mpishi wa Kiplombe atakayemfunga mdomo kabla ya Jumamosi, atanipunguzia ng'ombe mmoja kwenye mahari ninayodaiwa. Nikishindwa, ng'ombe anabaki pale pale anapobaki kila mwaka, yaani kwenye mazungumzo. Sharti lilikuwa moja: vibanda tu. Pakiwa na mlango wa vioo, tunapita.

Tulizunguka siku tatu. Nilichojifunza kuhusu kukitambua kibanda chenye chakula ni hiki hapa, na nahesabu kutoka nyuma kwa sababu ndivyo tumbo linavyopenda, utamu mwishoni.

9. Jina kubwa, sufuria ndogo

Kenya hoteli ya mtaani ni ya kula, haina kitanda. Mtu aliyekaa ughaibuni hulisahau jambo hili haraka, na shem, mbele ya hoteli ya kwanza, aliulizia mapokezi yako wapi. Mapokezi yalikuwa beseni la maji ya kunawa.

Tulipita hoteli tatu kwenye barabara moja ya marram. Ya kwanza ilikuwa na jina la kifalme, ya pili jina la mji wa Ulaya, na ya tatu ilijiita ya kimataifa, ingawa ndani mlikuwa na meza mbili na kuku mmoja, tena aliye hai. Kanuni yangu ni kwamba jina likirefuka, supu hupungua uzito.

Kibanda cha maana hakina jina, kina maelekezo. "Pale kwa mama, ukishapita fundi wa pikipiki, kabla hujafika kwenye ule mti ulioanguka." Mti wenyewe ulianguka zamani, ukapasuliwa kuni, kuni zikapikia maharagwe, maharagwe yakaliwa. Maelekezo yamebaki. Na ukiona ukuta umepakwa rangi ya kampuni ya simu, usichanganyikiwe: ukuta ni wa kampuni, mapishi ni ya mama.

8. Hesabu pikipiki

Pikipiki moja nje ya kibanda ni mtu anasubiri abiria. Mbili ni marafiki wanasengenya. Kuanzia tano, keti.

Mtu wa boda anakula nje asubuhi, mchana na wakati mwingine jioni, kwa pesa aliyoitolea jasho mwenyewe. Hana mwajiri wa kumrudishia pesa ya risiti. Tena amezunguka kila kona ya wadi, anajua nani ametia maji kwenye dengu na nani amepandisha bei kimyakimya. Huyo ndiye mkaguzi wa chakula ninayemwamini, na hajawahi kuandika ripoti hata moja. Ripoti yake ni kofia ya chuma aliyoiweka kwenye benchi, maana yake: nafasi hii ina mwenyewe, ameenda kunawa.

Shem alinyanyua kofia moja ili akae. Alifundishwa adabu na watu wanne kwa mpigo.

7. "Imeisha"

Menyu ndefu ni ushairi. Usiisome ukiwa na njaa. Kulikuwa na ubao mmoja wenye vyakula kama ishirini, bei zimefutwa na kuandikwa upya mara nyingi hadi namba 8 imefanana na namba 3. Shem, kwa adabu aliyorudi nayo kutoka Marekani, akaanzia juu.

"Kuku wa kukaanga?"

"Imeisha."

"Samaki?"

"Imeisha."

"Pilau?"

"Hiyo ni ya Ijumaa."

"Leo si Ijumaa?"

"Ni ya Ijumaa ile nyingine."

"Sasa kuna nini, dada?"

"Chapo dondo." Yaani chapati na maharagwe.

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Hukuuliza."

Kibanda kizuri kina vitu viwili au vitatu, na vyote vipo. Hapo shem alinikatiza kwa hadithi, na kwa mara ya kwanza tangu afike nilimpa sikio lote. Kule Mexico City, mtaa wa San Rafael, kuna kibanda kinaitwa El Califa de León. Kilifunguliwa mwaka 1968. Ukubwa wake ni kama mita tatu kwa tatu, menyu ina taco nne tu, na wateja wengi wanakula wamesimama kwa sababu pa kukaa hapapo. Mwezi Mei 2024 kikapewa nyota ya Michelin, ile heshima ambayo wapishi wa Ufaransa hukosa usingizi kwa ajili yake. Kilikuwa kibanda cha kwanza cha taco kuwahi kuipata. Wawakilishi wa Michelin wakamletea mpishi jaketi jeupe la heshima. Hakulivaa, maana pale mbele ya bamba la chuma la kuchomea nyama joto halimruhusu mtu kuvaa sherehe.

Nilikaa kimya kidogo. Nikamwona mama mmoja wa hapa Kiplombe akiletewa jaketi jeupe karibu na jiko la makaa. Angelikunja vizuri, akashikia sufuria.

6. Mahindi ya nyumbani, mkate wa ugenini

Hapa nitakawia, kwa sababu ndipo shem alipokaribia kushinda.

Hoja yake ilikuwa hii: taco ni mahindi. Chapati ni ngano. Sisi watu wa Uasin Gishu tumezungukwa na mahindi, tunalima mahindi, tunagombania mpaka wa shamba kwa sababu ya mistari miwili ya mahindi, halafu tunakunja chakula chetu ndani ya ngano. "Hamwoni aibu?"

Nikamkumbusha kwamba ngano pia inalimwa hapa hapa, kwa hivyo chapati si mgeni kabisa. Lakini alikuwa na pointi. Mahindi yenyewe ni ya Wameksiko. Ndio walioyazalisha kutoka kwenye nyasi ya porini, yapata miaka 9,000 iliyopita. Yakaletwa Afrika na Wareno karne ya 16, na ilipofika zamu ya mkulima wa huku juu, hata mbegu aliyoipenda ilikuwa na damu ya ng'ambo: mbegu chotara ya 611, iliyotolewa Kitale mwaka 1964, ilipatikana kwa kuzalisha mahindi ya Kitale na mahindi yaliyotoka Ecuador. Kwa maneno mengine, shamba la jirani yangu lina ujamaa na taco kuliko mimi.

"Basi tupike wenyewe," shem akasema.

Tatizo ni chokaa. Wameksiko hawasagi mahindi makavu tu kama sisi. Huyachemsha kwenye maji yenye chokaa, wakayalaza usiku kucha, asubuhi wakayaosha maganda yakatoka, ndipo wakayasaga yakiwa na maji yake. Chokaa hulilainisha ganda, huufanya unga ushikane, na huifungua vitamini B3 ambayo bila hivyo hukwama ndani ya punje. Wazungu walipoyabeba mahindi kwenda kwao waliuacha ujuzi huu nyuma. Maskini wa kaskazini mwa Italia, na baadaye wa kusini mwa Marekani, waliokula mahindi karibu matupu, wakaugua pelagra mpaka ngozi zikabambuka. Sisi hapa tumeokolewa na mboga, maharagwe na maziwa, na mke wa mtu anayekataa kukupa ugali mkavu.

Shem akaenda duka la vifaa vya ujenzi kuulizia chokaa. Muuzaji akamwuliza ni ya ukuta au ya choo. Akajibu ni ya kula. Nilimtoa pale kwa mkono kabla muuzaji hajapigia watu simu, na nikapiga marufuku mradi mzima wa chokaa. Ya ujenzi si ya tumboni.

Tukatumia unga wa kawaida wa ugali na maji moto. Tukafinyanga tonge, tukaliweka kati ya karatasi mbili za nailoni, tukalikandamiza kwa kitako cha sufuria. Likatoka duara zuri kabisa. Shem akapiga picha. Tukalihamishia kwenye kikaango, likapasuka vipande vitatu. La pili likapasuka vipande vitano. La tatu lilifika jikoni zima, likaiva, likanukia, tukashangilia, tukalikunja, likavunjika kama kigae.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. "Wanaume wawili wazima," akasema. "Mmefaulu kuvunja ugali."

Kwa haki ya mahindi niongeze hili. Njoo Agosti, mahindi mabichi yakianza, ukute mtu kando ya barabara anachoma kwenye makaa, anakupakia pilipili na chumvi kwa kipande cha limau. Shem anasema Wameksiko wanafanya karibu vivyo hivyo, ila wanaongeza jibini na mayonezi. Hapo Kiplombe na Meksiko tumekutana bila kuandikiana barua. Lakini huu ulikuwa Disemba, mahindi yamevunwa, na ng'ombe wangu alikuwa bado hajulikani.

5. Kibao cha deni

"Leo pesa, kesho mkopo." Kibanda kisicho na kibao hiki kina moja kati ya mambo mawili: ni kipya, au kinakufa. Kibao ni ushahidi kwamba watu wamekula pale mpaka wakatamani kukopa.

Shem alirudi kesho yake kuulizia mkopo.

4. Mikono kwanza, chapati baadaye

Usiagize kabla hujamtazama mpishi kwa dakika mbili.

Tulimpata mmoja saa moja asubuhi, ukungu bado umelala shambani. Alikuwa anakanda unga kwenye karai kwa maji ya uvuguvugu, kiganja cha chini kikisukuma, vidole vikivuta, mpaka donge likaacha kumng'ang'ania. Akalifunika kwa kitambaa, akalipumzisha. Halafu akasukuma duara, akalipaka mafuta kwa mgongo wa kijiko, akalikata kwa kisu kutoka katikati hadi ukingoni, akaliviringisha likawa koni, akalikandamiza, akalisukuma tena. Hapo ndipo tabaka zinapozaliwa. Chapati ya tabaka ukiikunja haikatiki, inajifunga kama shuka. Chapati isiyopumzishwa ukiikunja inafanya kama taco yetu ya unga wa ugali, na sitaki kuirudia habari hiyo.

Shem alikuwa anaangalia saa. Nami nikaanza kuhesabu. Eliud Kipchoge, pale Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, alimaliza kilomita 42 na ushee kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Sisi, tangu tuagize mpaka chapati ya kwanza itue kwenye sahani, tulikuwa tumefika kama kilomita ya 25. Lakini hili ni eneo la wanariadha, watu wanaelewa kujipanga kwa mbio ndefu. Kwenye benchi la pili walikaa vijana wawili wenye viatu vya kukimbilia vilivyojaa tope, wametoka mazoezini, na hawakulalamika hata kidogo. Wakala chapo tatu tatu na chai. Mtu aliyetoka kukimbia namna hiyo kabla ya staftahi hawezi kudanganywa na chapati ya jana.

Onyo moja: ukiona chapati zimepangwa mlima kwenye chombo cha plastiki, uliza ni za saa ngapi. Ukijibiwa "za leo", uliza tena.

3. Saa ya mkononi

Mchana wa siku ya pili tulisogea upande wa mjini Eldoret, hadi Barabara ya Uganda, ambayo inaitwa hivyo kwa sababu ukiifuata magharibi bila kuchoka utafika Malaba. Barabara hii haileti malori tu. Nadhani ndiyo iliyotuletea rolex.

"Nimekula rolex," shem akamwambia mkewe kwenye simu. Upande wa pili ukanyamaza. Ilibidi nimsaidie kueleza kwamba hajauza shamba la baba yake akanunua saa ya mkononi na kuitafuna. Rolex ya Uganda ni mayai yaliyokaangwa na kitunguu, nyanya na kabeji, yakawekwa juu ya chapati, yakaviringishwa pamoja. Jina ni Kiingereza cha mayai ya kuviringisha, kilichotamkwa na mtu mwenye njaa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere waliipa umaarufu pale Wandegeya, Kampala, na Waganda wanaipenda kiasi kwamba mwaka 2021 walitengeneza moja ya kilo 204.6 na kuingia nayo kwenye kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness. Hiyo ni chapati yenye uzito wa fahali mchanga.

Shem akakiri kwamba imekaribia. Imekunjwa, inaliwa kwa mkono, inauzwa kando ya barabara na mtu asiye na menyu. Lakini, akasema akipangusa kidevu, haina nyama.

Smocha ina nyama. Chapati, smoki, ile soseji ya toroli, iliyopasuliwa katikati, kachumbari, basi. Tulikula mbili kwenye toroli moja jioni ile. Shem akatafuna, akafikiri, akasema nyama imetoka kiwandani na taco inataka nyama iliyotoka kwenye sufuria ya mtu. Nikaanza kushuku kwamba anamtetea ng'ombe, si taco.

2. Chupa yenye matundu

Pilipili ya kibanda cha kweli inakaa kwenye chupa ya soda ya plastiki iliyotobolewa kifuniko kwa msumari wa moto. Ikikaa kwenye chupa yake ya dukani, na lebo bado inang'aa, mpishi hana siri.

Kachumbari nayo inataka macho. Kitunguu kikatwe chembamba, kioshwe kwa chumvi, nyanya isiwe maji, dhania iwe ya asubuhi. Ukitaka kumnyamazisha mtu anayesema chakula cha vibandani ni cha kienyeji kisicho na dunia ndani yake, mwonyeshe kachumbari: neno limetoka Bara Hindi, nyanya na pilipili zimetoka Amerika, kitunguu kimetoka Asia, na aliyevikata ametoka nyumba ya tatu kushoto.

Shem alituambia kwamba Texas anakula pilipili ambazo watu husaini karatasi kabla ya kuzigusa. Akaigeuza chupa, akaibonyeza kama anamwagilia sukuma wiki. Kimya. Macho yakajaa. Mama mwenye kibanda akamwekea kikombe cha maji, akamwinamia kwa huruma.

"Pole, kijana wangu. Umefiwa?"

Usafi? Naulizwa sana. Sheria inamtaka kila anayeshika chakula cha kuuza apimwe na awe na cheti cha afya kinachosasishwa kila miezi sita. Kiulizie kwa upole, hasa mahali papya. Niliwahi kuona haya kuuliza mahali fulani nisipopataja, nikaulizwa mimi baadaye, na daktari, maswali mengi ya aibu zaidi.

1. Benchi mbili na bati moja

Ijumaa alasiri mvua isiyo ya msimu wake ilitukuta njiani. Eldoret ilipewa hati ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, lakini tope la Kiplombe bado halijasomewa hati hiyo, lilituvua viatu. Tukakimbilia chini ya bati la kwanza tuliloliona. Hapakuwa na jina. Nilihesabu pikipiki saba, zote zimenyeshewa, na wenyewe wamebanana ndani wakitoa mvuke. Kwenye nguzo palikuwa na kibao: Leo pesa, kesho mkopo. Chupa ya pilipili ilikuwa na matundu.

"Chamgei," mama akatusalimu.

"Chamgei mising."

"Kuna chapo na nyama. Kingine hakuna."

Nilimkanyaga shem mguu. Vitu viwili, vyote vipo.

Sufuria ilikuwa juu ya makaa madogo. Nyama ya ng'ombe, imekatwa vipande vidogo vidogo, imechemka mpaka maji yakaisha na ikaanza kukaangika kwa mafuta yake yenyewe, kingo zikawa kahawia, mifupa miwili ikibaki ndani kama walinzi. Chapati zilikuwa zinatoka kwenye chuma moja moja. Mama akatandika sahani mbili, akaweka chapati kando, nyama kando, kachumbari kando, kila kitu mahali pake kama familia kwenye picha ya harusi.

Shem akasafisha koo. "Mathee, naomba uniwekee nyama ndani ya chapati. Halafu ukunje."

Vijana wa boda wakageuka wote.

"Kwani sahani imekukosea nini?" mama akauliza.

"Hapana, mathee. Ni vile tunavyokula huko nilikokuwa."

"Huko hawana sahani?"

"Wanazo."

Mama akanitazama mimi, kama ndiye niliyemleta mgonjwa. Nikainua mabega. Akaichukua chapati iliyotoka motoni wakati huo huo, akaiweka kiganjani bila kuonyesha kwamba inaunguza, akakwangua nyama kutoka chini kabisa ya sufuria, pale ilipokolea, akaimwaga katikati. Kachumbari. Akamkamulia limau ambalo alikuwa amejikatia la chai yake. Pilipili akamwekea mwenyewe, matone matatu, kwa kuwa habari za machozi ya jana zilikuwa zimemfikia. Akaikunja mara moja, akamkabidhi kwenye kipande cha gazeti.

Shem akauma. Mchuzi ukateremka kwenye kifundo cha mkono, ukaingia ndani ya shati, ukafika kiwikoni. Hakuupangusa. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa kelele, lakini hata bila mvua asingesema neno. Akamaliza, akalamba kidole gumba, akamtazama mama.

"Mathee, hii inaitwaje?"

"Hiyo ni chapo nyama," akasema. "Ila wewe umeiharibu."

Akaagiza nyingine. Halafu kijana mmoja wa boda, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuonekana, akasema, "Mathee, nami niharibie moja."

Jumamosi, siku ya hukumu, tulirudi. Watu watano walikuwa wamesimama nje ya bati wameshika chapati zilizokunjwa, viwiko vikimeta. Bei ilikuwa imepanda shilingi 20. Nikauliza kulikoni.

"Ya kwenye sahani ni bei ya zamani," mama akasema. "Hiyo ni ya kukunja. Ina kazi ya mikono."

Shem akajitanua kifua. Akamweleza mama, kwa heshima zote, kwamba wazo lilikuwa lake, na kwamba huko duniani mwenye wazo hupewa kitu kidogo. Hata chapati moja kwa wiki. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akageuza nyama, akamwonyesha kibao kwenye nguzo kwa mwiko.

Nikaona hiyo ndiyo nafasi yangu. "Na ng'ombe wangu je, shem?"

Akakitazama kile kibao kwa muda mrefu.

"Njoo kesho," akasema.